Ndoo ya maji si maabara ya mbegu

Msimu ukikaribia, malalamiko hufanana: mkulima amefungua pakiti, amemimina punje kwenye ndoo, kadhaa zimeelea, basi mbegu ni feki. Yapo malalamiko ya kweli na yanafuatiliwa. Mengine yanatokana na kutojua ndoo ile inapima nini.

Kitu huelea kikiwa chepesi kuliko maji ya ujazo huohuo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mpingo mkavu wa ujazo huo hufikia kilo 1.2 hivi, ndiyo maana gogo lake huzama. Komwe, zile kete za bao, ni ngumu kama jiwe lakini huelea baharini kwa kuwa ndani yake mna uwazi wenye hewa. Nazi hubebwa na makumbi. Zote mbili hutupwa ufukweni na mawimbi, zikaota. Kuelea kwenyewe si ugonjwa.

Punje nzima ya mahindi imejaa wanga, kwa hiyo huzama. Inayoelea mara nyingi imetobolewa na fukusi au dumuzi, au ilikosa maji shambani wakati wa kujaza. Hapo mkulima yuko sahihi, mradi amekoroga. Punje kavu huingia majini na viputo vya hewa vilivyoganda kwenye ngozi yake, na hata nzima hubaki juu. Koroga, subiri dakika mbili, koroga tena, ndipo uhukumu.

Alizeti usiipime hivyo kabisa. Kati ya ganda na kokwa mna hewa, na iliyo nzima huelea. Pamba ambayo haijaondolewa manyoya ni vivyo hivyo. Anayemwaga alizeti iliyoelea anamwaga mbegu yake mwenyewe, kisha anakuja kulalamika kwamba pakiti haikutosha ekari.

Upande wa pili ndio unaopotosha zaidi. Mahindi yaliyochemshwa huzama. Mbegu iliyokaa miezi chini ya bati la moto, kiinitete kimekufa, huzama. Mahindi ya chakula yaliyopakwa rangi na kufungwa kwenye pakiti bandia huzama vizuri sana. Tapeli unayemtafuta ndiye atakayefaulu mtihani wa ndoo.

Tena mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa, na rangi nyekundu, kijani au buluu ni onyo. Ukizilowesha, dawa inabaki kwenye maji. Maji hayo hayamwagwi mtoni wala mbele ya kuku, na ndoo hiyo hairudi jikoni.

Maji yana kazi yake halali kwenye mpunga uliojiwekea mwenyewe. Maji matupu huondoa mapepe tu. Punje zilizojaa nusu huzama pamoja na nzima. Kwa hiyo maji huongezwa uzito kwa chumvi: takriban kilo 1.5 kwa lita 10, ikoroge mpaka iyeyuke yote. Tumbukiza yai bichi lisilo la zamani. Likielea na kuchomoza kiasi cha sarafu, maji yako tayari. Yai viza huelea hata kwenye maji matupu, kwa hiyo lijaribu huko kwanza. Mimina mpunga kidogo kidogo, koroga, toa vinavyoelea, na usizidishe dakika chache. Suuza mara mbili au tatu kwa maji safi, kwani chumvi iliyobaki huzuia kuota.

Kujua kama mbegu ni hai, ioteshe. Chota punje 100 bila kuchagua, zipange kwenye mchanga uliooshwa au kitambaa chenye unyevu, usiotiririka. Mahindi hesabu siku ya 4 na ya 7, maharage siku ya 5 na ya 9, mpunga siku ya 5 na ya 14. Hesabu miche yenye mzizi na chipukizi vilivyo kamili. Iliyopinda au kuoza haihesabiwi, hata kama "imetoka".

Ukiwa na shaka na mbegu ya dukani, utaratibu ni huu, na tafadhali ufuatwe kwa mpangilio wake. Kwanza, kagua lebo ya uthibiti na uhakiki namba yake kwa maelekezo yaliyochapwa hapo. Pili, tunza pakiti, lebo na risiti. Bila risiti muuzaji atasema hakukuuzia. Tatu, toa taarifa kwa afisa ugani au mkaguzi wa mbegu. Mkaguzi huchukua sampuli mbele ya muuzaji, huigawa, hufunga kila sehemu kwa lakiri, na sehemu moja hubaki kwa muuzaji ili naye aweze kupinga matokeo. Tanzania, Sheria ya Mbegu ya 2003 inaadhibu uuzaji wa mbegu bandia, lakini mahakama haipokei ndoo kama kielelezo. Mbegu iliyokwisha loweshwa nayo haifai: unyevu umebadilika, dawa imetoka, na huenda imeanza kuota. Bakiza angalau robo ya pakiti, ikiwa kavu, ndani ya pakiti yake.