Pua kuziba upande mmoja: maswali kuhusu saratani ya sainasi

Saratani hii huanzia wapi?
Sainasi ni nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Mara nyingi huanzia kwenye ile ya shavuni, kisha zile za katikati ya macho. Kwingine ni nadra.

Husambaaje?
Huanza kwa kula majirani. Nafasi ni tupu, hivyo uvimbe hukua kimyakimya mpaka ufikie ukuta, na ukuta unaotobolewa ndio unaoamua dalili. Ukishuka, meno ya juu yanalegea na kaakaa linavimba. Ukija mbele, shavu linavimba na kuingia ganzi kwa sababu neva yake imeguswa. Ukipanda, jicho linasukumwa nje na mgonjwa anaona kitu kimoja viwili. Ule wa katikati ya macho unaweza kupenya kuingia kwenye ubongo, maana mfupa wa hapo ni mwembamba na una vitundu. Kusambaa kwenye mitoki ya shingo na mapafuni mara nyingi hufuata baadaye, kwa hiyo shingo isiyo na uvimbe isikutulize.

Nani yuko hatarini?
Wavuta sigara, na mafundi seremala na waunda mitumbwi wa huku Ziwa Victoria. Vumbi la mbao, hasa mbao ngumu, husababisha saratani hii, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Vumbi la msasa wa mashine ndilo baya, ni laini mno. Kitambaa hakitoshi: vaa barakoa ya N95 inayobana usoni, piga msasa nje, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na usipulize vumbi kwa kompresa.

Nitaitofautishaje na mafua?
Mafua hushika pande zote mbili, kisha hupungua. Upande mmoja ukiziba zaidi ya wiki 3, tena kwa makamasi yenye damu, usirudi duka la dawa kwa dozi nyingine ya antibiotiki. Vilevile jino likilegea bila kuoza, likang'olewa, na tundu likakataa kufunga, omba rufaa.

Mtoto aliyevimba taya ghafla ni habari nyingine. Kanda ya Ziwa tunafikiria kwanza limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu inayokua kwa siku chache. Tiba yake ni dripu za dawa, si kisu. Mpeleke leo.

Nikifika hospitali ya Bugando, Mwanza?
Daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani na kuchukua kinyama cha kupima. Picha ya CT huonyesha mfupa uliolika. Tiba mara nyingi ni upasuaji, kisha mionzi ya takriban wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa. Meno mabovu yang'olewe walau siku 14 kabla ya mionzi, kwani baada yake taya haliponi vizuri.