Krediti 120 za sheria haziingizi mtu Bac 3 ya uchumi

Wazazi wapendwa, na ninyi wanafunzi mnaowatuma wazazi: krediti 120 za sheria, yaani pointi za masomo ya miaka miwili, haziingizi mtu Bac 3 ya uchumi, mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa hapa Lubumbashi narudia neno hilo mpaka sauti inakauka, na jibu ni lilelile: «Lakini LMD, mfumo wa licence-master-doctorat, inasema krediti haipotei!»

Haipotei, kweli. UE, yaani kundi la masomo yanayohesabiwa pamoja, uliyoipata hakuna atakayekurudisha kuifanya upya. Ila umeipata ndani ya filiera yako, tawi la masomo ulilochagua. Mfumo wa Ulaya wa kuhamisha krediti ulianza mwaka 1989 kwa ajili ya wanafunzi wa Erasmus, waliokwenda kusoma nchi nyingine kwa muda kisha wakarudi chuo chao. Krediti zao zilikubalika kwa sababu vyuo viwili vilipatana mapema ni masomo gani yatahesabiwa. Kijana anayeshuka hapa na karatasi ya alama hana mapatano hayo. Ana jumla tu, na fakulte inauliza jumla hiyo imetoka wapi. Sheria ya katiba na ya jinai umezitolea jasho, lakini hazikukufundisha uhasibu. Kitakachohesabiwa ni Kiingereza, informatika, elimu ya uraia, pengine sheria ya biashara. Unaanza Bac 1, umesamehewa masomo machache. Anayetoka politekniki (uhandisi) ana nafuu kidogo, kwa ajili ya hisabati.

Kuhama chuo ukabaki katika filiera ileile ni habari nyingine: kutoka sheria ya Goma kuja sheria ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, masomo mengi yanalingana, unaongezewa uliyokosa.

Kinachonikera zaidi ni kulinganisha majina ya masomo. «Nilisoma statistika, munisamehe statistika.» Statistika gani? Mwenzetu wa saikolojia huenda aliishia kwenye wastani na mkengeuko. Uchumi unataka upimaji wa dhahania na regresheni. Jina moja, lakini saa zake ni nusu ya zile za uchumi. Kinyume chake pia hutokea: jina tofauti, yaliyomo yaleyale, na mtoto anakataliwa kwa kuwa aliyeshika karatasi hakusoma zaidi ya kichwa cha somo. Hilo linaniuma. Kwa hiyo leteni maelezo ya kila somo, sura kwa sura, na idadi ya saa. Karatasi ya alama peke yake haisemi mlifundishwa nini.

Kuna jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu la kuniridhisha. Ndani ya UE alama hufidiana: mtu ana 7 kwa 20 katika aljebra, 14 katika analizi, UE inapita. Akihama, fakulte mpya inahitaji ile aljebra. Je, fidia inasafiri naye? Nimeona wakikubali, nimeona wakikataa, na pande zote mbili zina hoja. Mimi naegemea kukubali, maana chuo cha kwanza kilikwisha kutamka kwamba amefaulu. Lakini nikimwazia akiingia ekonometria, takwimu za uchumi zinazotegemea aljebra, na aljebra ya 7, nasita.

Mliokimbia vita Goma na Bukavu mwaka 2025 bila karatasi, semeni siku ya kwanza, msingoje mitihani.

Na wote: ombeni uamuzi wa fakulte kwa maandishi, somo kwa somo, kabla ya kulipa minervali, ada ya masomo. Ukishalipa Bac 3 ndipo wakushushe Bac 1, kuirudisha pesa hiyo ni vita nyingine.