Mbono kaburi haukuwahi kuwa mafuta ya bure

Tangu miaka ya 2000, wengi Dar es Salaam wameamini kwamba biodizeli ya mbono kaburi (jatropha), yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu zake, lazima iwe nafuu kuliko dizeli inayoshushwa bandarini, kwa kuwa mmea huo huota hata penye ukame. Kuota, hata hivyo, si kuzaa: bila maji na rutuba mbegu huwa haba, nazo huchumwa kwa mkono. Malighafi pekee kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya biodizeli, kabla hata ya kununua methanoli, alkoholi inayotumika kugeuza mafuta ya mbegu kuwa biodizeli. Tena kila lita ya biodizeli ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 8 kuliko lita ya dizeli ya kawaida. Hivyo, bei kikomo ya dizeli inayopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ikishuka, anayebanwa kwanza ni mzalishaji wa biodizeli.