Usiiongeze Kinga Inayokushambulia: Maswali na Majibu kuhusu MS

MS ni ugonjwa gani?

Maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, ni ugonjwa ambao seli za kinga zinashambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho za mwenyewe. Kinachoharibiwa ni mayelini, utando wa mafuta unaofunika neva. Ukibanduka, taarifa za ubongo hupita kwa kusuasua au hazifiki, kama umeme kwenye waya uliochunika. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Hauambukizi.

Kwa hiyo kinga yangu imeshuka?

Hapana. Haijashuka. Wagonjwa wengi hufika kwetu hospitalini wakiamini hivyo, na nyumbani wameshapanga chupa za "kuongeza kinga". Kinga yako ina nguvu, ila imekosea adui. Tafadhali usitafute cha kuiongezea.

Seli hizo hukosea vipi?

Seli za kinga huwasiliana kwa kemikali ziitwazo saitokini: moja inaitoa, nyingine inaipokea kwa vipokezi vilivyo juu yake. Katika MS, seli kama seli B huionyesha seli T (zote mbili ni aina za seli nyeupe za damu) kipande cha protini, nayo inakichukulia kuwa cha adui. Hapo inaanza kumwaga saitokini kama intaferoni gama na intalukini-17, na seli nyingine zinaitikia. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo, ambazo kwa kawaida hazipitishi seli ovyo, zinalegea. Seli T zinanata ukutani, zinapenya, kisha zinaamsha seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Mayelini inaliwa.

Virusi vya Epstein-Barr vinahusika. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kuwa hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa. Lakini karibu watu wazima wote wana virusi hivyo, na wachache sana huugua MS.

Dawa ya kuongeza kinga inaweza kunidhuru kweli? Si ya asili tu?

Mwaka 1987 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 18 wa MS waliopewa intaferoni gama, ile ile saitokini inayochochea seli. Wagonjwa 7 walipata mashambulizi mapya wakiwa kwenye matibabu, na jaribio likaachwa. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Wewe unakunywa kitu ambacho hata muuzaji hajui kilichomo. Ama hakifanyi kitu, nawe unapoteza miezi, ama kinafanya anachokuahidi, na hicho ndicho usichokitaka. Acha.

Lakini nilipoinywa, jicho lilirudi kuona.

Lingerudi hata bila chupa. Shambulio la MS mara nyingi hupoa lenyewe baada ya wiki kadhaa, sifa ikaenda kwa aliyekuuzia. Kupoa si kupona. Seli zinaendelea kuwasiliana kimyakimya, na makovu huongezeka kwenye ubongo wakati unajisikia mzima. Tunaowapokea wakiwa hawawezi tena kutembea, wengi waliwahi kutuambia, "Ile ilishaisha."

Dawa za hospitali zinafanya nini?

Zinakatiza hayo mawasiliano. Natalizumabu huzuia seli kunata ukutani. Fingolimodi huzifungia kwenye matezi. Okrelizumabu huondoa seli B. Intaferoni beta, tofauti na ile ya gama, hutuliza, na imetumika tangu 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kladribini, glatirama na rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu. Hakuna inayoondoa ugonjwa kabisa, na nyingi hupunguza uwezo wa kupambana na maambukizi, kwa hiyo ukiwa na homa njoo mapema. Usiache dawa kwa kuwa unajisikia vizuri: natalizumabu na fingolimodi zikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali.

Niende hospitali lini?

Jicho likiuma unapoligeuza na rangi zikififia. Ganzi au udhaifu wa mguu au mkono uliodumu zaidi ya saa 24. Kizunguzungu kisichoisha, au mkojo kugoma kutoka. Nenda siku hiyo hiyo, omba kuonana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na uulize kuhusu MRI, kipimo cha kupiga picha ya ubongo na uti wa mgongo kwa sumaku. Ikiwa udhaifu umekuja ghafla upande mmoja, mdomo umepinda au maneno hayatoki, usisubiri hata saa moja, kwani huenda ni kiharusi. Chupa unazokunywa zibebe zote, na umwonyeshe daktari bila kuficha.