"Ndivyo alivyo"? Hapana

Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili akianza kufoka au kugoma kula, iwe Newala au Tandahimba, ndugu husema: "Ndivyo alivyo." Sivyo. Ulemavu huo haupandi na kushuka kama homa; tabia ikibadilika ghafla, kuna jambo. Huenda ni jino, sikio, choo kigumu, au msiba aliofichwa, eti haelewi. Mara nyingi anaelewa. Wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, hupata zaidi tatizo la tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, na uchovu unaoletwa nalo huitwa uvivu msimu wa kuokota korosho. Kipimo cha damu huonyesha, na dawa ipo. Kwenye kituo cha afya aulizwe mwenyewe kwanza, kwa maneno mafupi, aonyeshe kwa kidole panapouma. Mjomba aliyemleta ataongezea baadaye.