Abasia ya Cluny haikuangushwa na kundi la watu wenye hasira

Nafundisha historia ya Kanisa, na kila nikifika kwenye somo la Cluny, abasia (monasteri kubwa) ya Wabenedikto iliyokuwa Ufaransa, najibiwa jambo lile lile: wanamapinduzi wa Ufaransa waliivamia, wakaichoma, ikaisha. Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa padre msomi kabisa. Nimeona niliandike.

Dhana: Cluny iliangamizwa na ghasia za Mapinduzi.

Si kweli, na kosa hili linanikera kuliko mengine yote kwa sababu linawaficha wahusika wenyewe. Kanisa kuu la Cluny lilianza kujengwa na Abate Hugo mwaka 1088, likatabarukiwa na Papa Inosenti II mwaka 1130. Urefu wake ulikuwa mita 187, na halikupata mpinzani hadi Basilika la Mtakatifu Petro lilipojengwa upya Roma. Jengo la mawe la ukubwa huo haliteketei kwa mienge.

Fuateni tarehe. Novemba 1789 Bunge la Ufaransa lilitangaza mali ya Kanisa kuwa mali ya taifa. Februari 1790 sheria ikaacha kutambua nadhiri za kitawa, na mwaka uliofuata wamonaki wa mwisho wakaondoka. Ni kweli, mwaka 1793 palitokea uharibifu mkubwa: nyaraka zilichomwa, makaburi yakavunjwa. Hilo lisisahauliwe. Lakini kuta, minara na matao vilibaki vimesimama. Kilichoviangusha ni mauzo halali ya serikali. Mwaka 1798 abasia iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Mâcon, mji wa jirani, nao walitaka mawe, hawakutaka kanisa. Wakapitisha barabara katikati ya jengo, wakauza mawe yaliyochongwa tayari, na penye ugumu wakatumia baruti. Ubomoaji uliendelea hadi mwaka 1823. Miaka 25! Napoleon alikuja akaondoka, wafalme wakarudi kwenye kiti chao, na mawe bado yalikuwa yanauzwa. Hayo nayo mtayaita ghasia?

Leo imebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya kanisa, hasa mkono wa kusini wa umbo lake la msalaba. Kituo cha serikali cha kuzalisha farasi kilijengwa palepale, kwa mawe yale yale. Wamonaki nao wana sehemu yao katika hasara hii, jambo ambalo wanafunzi wangu hawapendi kulisikia: katikati ya karne ya 18 walibomoa wenyewe makazi yao ya kale wakajenga mapya kwa mtindo wa siku zao. Ushauri wangu kwa yeyote anayechunguza jengo lililotoweka, popote lilipo, ni kuanza na hati za mauzo, kisha kukagua kuta za nyumba za jirani.

Dhana: Wamonaki wa Cluny waliishi kama Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ni ileile, maisha yalikuwa tofauti sana. Tunaowajua sisi wamejenga hospitali, shule na karakana. Cluny kazi ilikuwa sala. Zaburi ziliongezwa kupita kiwango alichoweka Benedikto, saa nyingi za siku zikaishia kanisani, na mashamba yakalimwa na wapangaji na watumishi. Bernardo wa Clairvaux, abate wa nyumba nyingine ya wamonaki, aliwashambulia vikali kwa chakula chao, mavazi yao na mapambo yao. Sala za kuwaombea marehemu zilikuwa moyo wa nyumba ile. Abate Odilo ndiye aliyeweka 2 Novemba iwe siku ya marehemu wote katika nyumba za Cluny, na kutoka huko ikaenea.

Dhana: Ilikuwa abasia ya mfalme.

Hapana. Aliyeianzisha mwaka 910 ni William, mtawala wa Aquitaine, akaikabidhi kwa Mitume Petro na Paulo na kujizuia yeye na warithi wake wasiiguse. Wafalme walikuja kuchagua maabate baadaye sana, na ndipo cheo hicho kikawafikia watu kama Richelieu na Mazarin, makardinali waliokuwa mawaziri wakuu wa wafalme wa Ufaransa, ambao hawakuwa wamonaki.

Dhana: Cluny iliifasiri Kurani kwa ajili ya urafiki wa dini.

Abate Petro Mheshimiwa aliilipia tafsiri ya kwanza nzima ya Kilatini, iliyokamilishwa na Robert wa Ketton mwaka 1143. Lengo lake lilikuwa kuupinga Uislamu, na aliandika kitabu cha kuupinga. Alitaka kutumia hoja badala ya silaha, na hilo apewe haki yake. Lakini msimpachike nia ambayo hakuwa nayo.

Dhana: Picha za kanisa zima zinaonyesha lilivyokuwa.

Nyingi zinatokana na michoro ya Mmarekani Kenneth John Conant, mtafiti wa historia ya ujenzi, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1928. Kazi yake ni kubwa, ila watafiti waliomfuata wamerekebisha baadhi ya hitimisho lake. Mkizitumia darasani, andikeni chini yake kwamba ni michoro ya mtafiti.