Saa moja ya mafunzo ina saa ngapi ndani yake?

Mteja akiniuliza "unatoza kiasi gani kwa saa?", simtajii bei papo hapo. Namuuliza kwanza watu wangapi watafundishwa, wanajua nini tayari, na baada ya mafunzo anataka waweze kufanya nini. Bei inatokana na majibu hayo.

Wengi tunaoacha ajira na kuanza kuuza ujuzi huanza na hesabu moja: mshahara wa mwaka kugawanya kwa saa 2,080, yaani wiki 52 za saa 40. Hesabu hiyo inakupunja. Mwajiriwa hulipwa hata akisubiri kikao kianze, na mara nyingi hulipwa akiwa likizo au akiugua, huku mwajiri akimchangia bima na akiba ya uzeeni. Anayejitegemea hujigharamia yote. Ondoa wiki 6 za mapumziko, sikukuu na maradhi, zinabaki saa 1,840. Halafu kuna kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi, kufuatilia ankara, kujinoa. Mimi huchukulia kwamba nusu tu ndiyo italipwa, yaani saa 920. Sasa jumlisha matumizi yako ya mwaka, kodi, vifaa, bima na akiba, kisha gawanya kwa 920.

Jibu huwatisha wengi, wakalikata kabla mteja hajalisikia. Usilikate. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Ukishuka hapo, mafunzo ya mteja unayalipia wewe.

Kufundisha kuna gharama nyingine isiyoonekana: maandalizi. Somo jipya la saa moja linaweza kula saa kadhaa za kutunga mifano, mazoezi na slaidi, na likirudiwa, kazi hiyo hupungua sana. Kwa hiyo natoza maandalizi kando na ufundishaji. Mteja anayetaka somo lile lile kwa makundi matatu hulipia maandalizi mara moja, na nafuu anayoipata ina sababu anayoweza kuiona.

Kurekodi nako kusipite kimyakimya. Video itaendelea kufundisha wewe ukiwa haupo, pengine kwa miaka. Iandikwe kwenye mkataba nani ataitazama, kwa muda gani, na kama inaweza kusambazwa nje. Haki hiyo ina bei yake.

Mteja akisema bajeti haitoshi, namwamini, na tunapunguza kazi: siku mbili ziwe moja, au mazoezi ya nyumbani yasiyosahihishwa nami. Ukishusha bei na kazi ikabaki ile ile, umemwambia kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli. Hapo pia unawaumiza wenzako wa fani, ambao kesho wataulizwa kwa nini wao ni ghali.

Bei ya haki haimaanishi bei moja kwa wote. Kampuni itakayotumia ujuzi huo kuingiza mapato haiwezi kulinganishwa na mwanafunzi anayejilipia, na sioni aibu kuwatoza tofauti. Nikifundisha bure, bado natoa ankara: bei kamili juu, punguzo la asilimia 100 chini yake. Anayeipokea anajua amepewa nini, na akinileta kwa mwingine hanitambulishi kama mtu wa bure.

Kuhusu malipo yenyewe, nachukua nusu kabla sijaanza kuandaa. Mafunzo yakiahirishwa dakika za mwisho, nusu hiyo hairudi, maana kazi yake imeshafanyika.